Siku Niliyokifua Kizibao cha Ron

Pale msikitini kwetu Barking wapo watu ambao jina langu la kuzaliwa hawalijui. Wananiita Laiki Nyuu. Nikipita na mfuko wa mboga, Laiki Nyuu. Nikichelewa sala ya Ijumaa, Laiki Nyuu kaja, msogeeni. Naitika, nifanyeje, lakini kila nikiitika naumia, kwa sababu jina lile sikupewa na adui, nilijipa mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sauti, mbele ya umati wa watu waliofiwa na maiti wao yumo ndani ya jeneza. Wanaocheka wengi wamelisikia kwa mbali tu. Leo nalisema lote tangu mwanzo, atakayecheka acheke akijua anacheka nini.

Mimi ni dobi. Skuli niliiachia darasa la nne, kule Wete, Pemba, na nikaja Uingereza baada ya mambo ya siasa kuharibika kwetu, nina begi moja na koti la kuazima lililonifika chini ya magoti. Nimefua mashuka ya hoteli chini ya ardhi, mahali ambapo ukiingia asubuhi ni giza na ukitoka ni giza, mpaka unasahau jua lina rangi gani. Leo (mimi si mtu wa kujisifu, lakini la kweli lisemwe) nina maduka mawili ya dobi, moja Barking na moja ng'ambo ya mto, Thamesmead, na juu ya mlango jina langu linawaka kwa taa. Nimefua joho la jaji. Nimefua shela la bibi harusi aliyemwagikiwa mchuzi wa kuku asubuhi ya ndoa yake, na akaolewa nalo jeupe. Ukutani nilikuwa nimetundika bango kubwa kwa Kiingereza, kwamba duka hili halijapata kushindwa na doa. Mke wangu, Mama Nasra, ambaye ndiye anayeshona (sindano naijua, lakini mkono wake yeye ni mwengine), aliwahi kuniambia, "Baba Nasra, bango hilo liondoe, unaliita doa kwa jina." Nikamwambia na lije.

Nyuma ya duka la Barking kuna uwanja wa magereji, na mwisho wa uwanja kuna jengo la matofali lisilo na dirisha hata moja upande wa njia, mlango wa chuma, kamera juu. Hapo ndipo palipokuwa na chama cha watu wa pikipiki. Si wale vijana wa kupeleka piza. Hawa ni wanaume wazima, ndevu mpaka kifuani, pikipiki zao zikiwashwa glasi zinagongana kabatini, na kila mmoja anavaa juu ya jaketi lake kizibao cha jinzi kisicho na mikono, mgongoni kimeshonwa nembo ya bundi aliyekunjua mbawa. Wenyewe hawakuficha kwamba sheria za watu si zao, wana sheria zao. Polisi walikuwa wakija mara kwa mara, na mtaani palisemwa mengi juu yao, mengine mazito. Mimi sikuona na sikuuliza. Ninachokijua ni kwamba wakipita, mtaa mzima ulivuka barabara, na wa kwanza kuvuka nilikuwa mimi.

Aliyenifanya niache kuvuka ni Ron. Alikuwa mmoja wa wakongwe wa chama, pande la mtu, kimya, vidole vimeingia weusi wa grisi usiotoka tena. Mwaka mmoja kioo cha duka langu kilivunjwa kwa jiwe, kikatiwa ubao, na ubao nao ukaandikwa maneno ya kututaka turudi tulikotoka. Polisi walikuja, wakatazama, wakaondoka. Jioni yake Ron akaileta pikipiki yake, akaiegesha mbele ya mlango wangu, akaikalia, mikono kaikunja, bundi mgongoni anatazama barabara. Mama Nasra akampelekea chai ya maziwa yenye iliki, akanywa, akarudisha kikombe. Kesho yake akaja tena, na siku ya pili yake, mpaka kioo kipya kilipotiwa, na baada ya hapo hakuna aliyeturushia hata kokoto. Nilipotaka kumlipa alinitazama kama niliyemtukana. "Chai ilitosha," akasema.

Basi tukawa na chai. Alipita kila baada ya siku chache, akasimama kwenye kaunta, na kidogo kidogo akanieleza mambo yao. Kwamba mtu haingii chama kwa kutaka. Huanza kwa kufagia, kuosha pikipiki za wenziwe, kulinda mlango kwenye mvua, na kizibao chake hakina bundi, kitupu. Siku ikifika, wenye bundi wote hupiga kura, na akitokea mmoja tu wa kusema hapana, basi ni hapana. Kwamba kizibao si mali ya anayekivaa, ni cha chama, na mtu akifa hutandikwa juu ya jeneza lake kisha hurudi ukutani kwao. Nikamwambia, "Ron, hata kuposa kwetu Pemba hakuna masharti kama hayo." Akacheka. Na mimi kila mara nilikuwa nikikitazama kile kizibao chake kwa jicho la kazi, kimeganda mafuta, kimeota ukungu wa jasho shingoni, nikamwambia, "Kilete nikufulie, sitaki hata peni." Akacheka vile vile na kutikisa kichwa. Mimi nikadhani anaona haya kutoa nguo chafu, kama wanavyoona haya watu wengi.

Kitu kimoja alileta. Baridi ilipoingia alileta sweta lake zito la sufi, lile analolivaa chini ya kizibao akiendesha, zipu imekufa. Nikamwambia kesho. Zipu ndefu ya namna ile, ya chuma, ikawa haipatikani, na sweta likakaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, chini ya meza ya cherehani. Mama Nasra akawa ananikumbusha, "Sweta la watu." Namwambia zipu inakuja. (Mimi ninayejisifu kwamba nguo kwangu hailali.) Kabla zipu haijaja, Ron akaanza kukohoa, akalazwa, na hakurudi.

Mkewe, Maureen, alikuja dukani siku moja kabla ya maziko. Mwanamke mwembamba, nywele za dhahabu za kupaka, macho yamevimba. Alikishika kizibao kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto aliyelala. Nembo ilikuwa imefumuka upande mmoja, ubawa wa bundi unaning'inia, na kikitandikwa juu ya jeneza upepo ungeuvua.

"Hawa wanaume wanaweza kuifungua injini na kuifunga tena," alisema, "lakini hakuna anayejua kushona. Na mimi tundu la sindano silioni. Nimewaomba ruhusa nikuletee wewe. Mishono michache tu hapa. Niletee kesho asubuhi, palepale uwanjani, kabla hatujatoka."

"Niachie mimi," nikamwambia. "Ron ni ndugu yangu. Utafurahi."

Kabla hajakiachia alikiinamia, akakiweka usoni, akavuta pumzi. Nililiona lile. Naapa nililiona. Nikadhani analia.

Mama Nasra akashona, mishono midogo kama ya mchwa, na kazi ikaisha alasiri. Kilichobaki ni kukitundika na kufunga duka. Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi yake. Nilikitandaza juu ya meza chini ya taa, nikakitazama, nikaona aibu. Sisi mtu akifa anaoshwa. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nimewahi kuosha maiti, maji ya kwanza, ya pili, ya karafuu maiti, na nguo ya mwisho ya mtu ni nyeupe na safi awe tajiri au kuli. Na huyu aliyelikalia duka langu kama simba wa jiwe, leo atandikwe juu yake tambara linalonuka mafuta, na watu wote wale wakitazama, na wote wakijua kwamba jirani yake ni dobi?

"Nakifua," nikasema.

Mama Nasra alikuwa anavaa koti. Akasimama. "Kakwambia shona. Hakukwambia fua."

"Anayepeleka nguo kwa dobi anataka ifuliwe."

"Hakupeleka kwa dobi, kapeleka kwa mshonaji. Na mshonaji mimi."

"Wewe mwanamke, huyu mtu nina deni naye la heshima."

"Basi mlipe kitu anachokitaka," akasema, na mimi nikafungua bomba.

Nguo chafu ni kama mtu mzungumzaji, ukijua kumsikiliza. Kwenye pindo palikuwa na mafuta ya injini, safu juu ya safu. Kifuani bia, ya zamani kabisa, imekuwa kama gundi, na mafuta yamemwagwa juu yake makusudi, maana yalikuwa katikati, hayakuruka kwa bahati mbaya. Upande wa bega palikuwa na damu iliyogeuka kahawia, na jinzi pale imekwaruzwa, pengine aliwahi kuanguka. Na ndani ya ukosi, mahali ambapo hapaonekani mpaka ugeuze, alama hafifu ya rangi ya mdomo, nyekundu iliyofifia ikawa kama waridi. Nilicheka peke yangu kwa ile rangi. Nikasema Ron, mzee mzima, unakwenda kaburini na midomo ya mwanamke shingoni. Damu kwa maji baridi na chumvi. Mafuta kwa unga wa chaki, kisha sabuni ya vyombo na brashi laini. Rangi ya mdomo kwa spiriti na pamba, taratibu, kama unayempangusa mtoto jicho. Moja baada ya jingine yakanisikia, na bia ile ya zamani, ambayo ilinipinga sana, mwisho nayo ikaachia. Nikakipiga mvuke, nikakitia manukato yetu ya dukani, ya maua. Bundi akang'aa macho. Mama Nasra hampendi bundi, kwao ni ndege wa nuksi, akaondoka bila ya kumtazama.

Asubuhi nilivaa kanzu nyeupe, koti na kofia ya vito ya kudarizi. Mama Nasra alibeba sufuria la pilau, kwa kuwa kwetu hufiwi ukaachiwa jiko lako upike mwenyewe. Mimi nilibeba kizibao kwenye hanga, ndani ya plastiki inayoonyesha, na kibandiko cha rangi ya waridi cha duka langu kimebanwa kwa pini kifuani. Ule uwanja wa magereji sijapata kuuona vile. Pikipiki zimejaa mpaka barabarani, zimepangwa mbili mbili, za wenye bundi mbele, za wasio na bundi nyuma, na nyuma kabisa marafiki wa kawaida. Jeneza lilikuwa katikati, juu ya kitanda cha magurudumu kilichoungwa ubavuni mwa pikipiki, jeusi, tupu juu yake. Lilikuwa likingojea nilichobeba mimi.

Mlangoni alisimama mtu mwenye upara, umri wake kama wangu, kizibao kitupu. "Wageni upande ule," akaniambia na kunyoosha kidole kwenye ukuta.

"Nimeleta nguo ya Ron."

Akaona plastiki. Akaona kibandiko. Uso wake ukabadilika, lakini alinipisha, na wale wanaume wakanifungulia njia kama maji.

Sasa hapa bado nilikuwa na nafasi. Ningempa Maureen mkononi, kwa upole, nikarudi ukutani, na jambo lingekuwa la watu wachache. Lakini mimi nilikwishaona macho yote yako kwangu, na jueni, mtu aliyefua mashuka chini ya ardhi miaka ile yote bila ya kuonekana na kiumbe, akipata macho hayaachii. Nikasimama mbele ya jeneza. Nikapasua plastiki. Nikakinyanyua kizibao juu kwa mikono miwili, bundi akawatazama wote, na nikasema kwa Kiingereza changu, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma, kwamba ni kama kipya:

"Like new!"

Palikuwa na injini zinanguruma taratibu, kwa heshima. Zikazimwa. Moja, kisha nyengine, kisha zote, mpaka nikasikia pini ya kibandiko inavyogonga kwenye kifungo.

Mkubwa wao, anaitwa Dave, mzee mwenye mguu mmoja mbovu, akaja akichechemea. Hakukigusa. Alikisogelea kwa pua tu.

"Umekifua," akasema.

"Ndiyo, bwana. Bure."

"Umekifua," akasema tena, na safari hii hakuwa akiniambia mimi.

Nyuma mtu mmoja akatukana. Mwengine akasogea kwangu, mkubwa kama mlango, na Dave akanyoosha fimbo yake tu kumzuia. Mimi nikaanza kueleza, kwamba sisi kwetu maiti huoshwa, kwamba damu nimeitoa kwa maji baridi haikuharibu uzi, kwamba hata ile bia ya zamani (Mola anisamehe, nilijisifu hata hapo) hakuna dobi mwengine Barking ambaye angeiweza.

"Ile bia," akasema Dave, polepole, "tulimmwagia siku aliyopewa bundi. Bia na mafuta, kila mmoja wetu. Watano kati ya waliommwagia wamekufa. Toka siku ile hakijaguswa na maji isipokuwa ya mvua. Hakuna anayekifua. Hakuna kabisa."

Ndipo Maureen akaja. Akakitoa kwenye hanga, kanipokonya bila ya ukali, na nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. Akakiinamia kama alivyokiinamia kwenye kaunta, akakiweka usoni, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akakigeuza, akavuta upande wa pili, haraka haraka, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku mlango unafungwa. Kisha akaukunjua ukosi, akapitisha kidole mahali pale, akarudi akapitisha tena.

"Maua," akasema. "Kinanuka maua."

Wenye bundi wakaingia ndani ya jengo lao wote, mlango wa chuma ukafungwa, na tukaambiwa wanapiga kura. Mimi nikawekwa ukutani karibu na mapipa ya taka, Mama Nasra kaenda kumshika Maureen, na nimeachiwa sufuria la pilau mkononi, moto, sijui pa kuliweka. Yule mwenye upara alisimama kunilinda, sijui nisikimbie au nisipigwe.

"Wewe ndiye mfuaji?" akaniuliza baada ya muda.

"Ndiyo."

"Mimi nimeosha pikipiki zao mwaka mzima. Nimeosha vyombo vyao. Choo chao pia." Akatema mate pembeni. "Kitu kimoja tu niliambiwa nisioshe."

Akatazama sufuria. "Hiyo ni nini?"

"Pilau."

"Iweke chini, mzee, itakuunguza."

Walipotoka, Dave alitangaza kwamba kizibao hakitandikwi hivyo kilivyo. Wakakilaza chini, juu ya sakafu ya uwanja, bundi kaangalia juu, na kukizunguka wakasimama wenye bundi peke yao; wasio na bundi, jamaa, wageni na wanawake, wote nyuma ya mstari. Pikipiki ya Ron ilikuwapo. Dave akapiga magoti kwa shida, akachovya vidole kwenye mafuta ya injini ya pikipiki ile, akapaka kifuani pa kizibao. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Mwengine alimimina bia, mwengine alisugua kwa soli ya buti lake, mmoja mwenye ndevu nyeupe alifuta macho kwa kiganja kisha akapangusa kiganja begani, pale palipokuwa na damu. Na mimi dobi, mwenye bango ukutani, nimesimama nikitazama madoa yakirudi moja baada ya jingine mahali nilipoyatoa, na nikajikuta naomba kimyakimya kwamba yashike, yaingie ndani, yasitoke milele.

Maureen alikuwa pembeni yangu. Sikuwa nimefikiri juu ya hilo kabla, lakini naye hana bundi. Miaka yote ile, na mahali pake palikuwa nyuma ya mstari, pamoja na mimi.

"Wao watapata chao," akasema, macho yako mbele. "Mafuta ni mafuta. Kisha kitakwenda ukutani kwao, wala sitakiona tena. Mimi nilikuwa na jana na leo tu za kukinusa. Na ule ukosi." Akajigusa midomo. "Ule ukosi niliubusu nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa Southend, pwani, anatetemeka kwa baridi, na mimi nimevaa rangi ya mdomo ya dada yangu."

Nikatazama chini, na nilipotazama chini nikaona viatu vya Mama Nasra, na kwa sababu ya viatu vyake nikaona meza yake ya cherehani, na chini ya meza mfuko.

"Kuna sweta lake," nikasema.

Akanigeukia. Sijapata kuogopwa na mtu vile. "Umelifua?"

"La."

"Niambie kweli."

"Haki ya Mungu sijalifua. Lilikuwa linangoja zipu. Limo ndani ya mfuko, limefungwa, kama alivyolileta."

Akanishika mkono wa kanzu. Alishika kwa nguvu mpaka kitambaa kikajikunja. "Usiliguse," akasema. "Usilifungue. Usilisogeze."

Tulimzika Ron saa za adhuhuri. Kizibao kilikuwa juu ya jeneza, kichafu, kizuri, na ubawa wa bundi haukutikisika kwa upepo, ile kazi ya Mama Nasra ilikuwa kazi. Kaburini wale wanaume walichukua makoleo wakafukia wenyewe, hawakuwaachia wachimbaji, wakipokezana kama tunavyopokezana sisi, na mimi nilitamani kupokea koleo, kwetu ni thawabu, lakini safari hii nilibaki nyuma ya mstari na mikono yangu nyuma. Yule mwenye upara aliniona. Hakuniita, lakini aliinamisha kichwa kidogo.

Wakati wengine wamerudi kunywa, Maureen alikuja dukani na nguo zake nyeusi. Mama Nasra akaingia nyuma, akautoa mfuko chini ya meza, akauweka kwenye kaunta. Maureen akalifungua fundo, kidogo tu, akainama, akaingiza uso. Alikaa hivyo. Mabega yake yakapanda, yakashuka. Kisha akalifunga lile fundo upesi, kama mtu anayefunika chungu mvuke usiponyoke, akalifunga mara mbili.

"Petroli," akasema. "Na ile sigara aliyoniapia kwamba ameacha." Ikamtoka sauti, sijui kicheko, sijui nini. Akaukumbata mfuko. Mlangoni akageuka. "Na zipu," akaniambia, "usinitafutie."

Bango nililishusha siku ile ile, ukutani pamebaki mraba mweupe na sijapaka rangi. Wale wa pikipiki hawakunifanya kitu, ila chai kwangu hawaji, na kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa akipita uwanjani asubuhi ile ndiye aliyelipeleka neno msikitini, likabaki huko mpaka leo. Na liwe. Mimi najua liligharimu nini, tena aliyelipa si mimi.

Nimeweka nadhiri, na nadhiri yangu ni ndogo, haina mbwembwe. Mtu akija kaunta na nguo ambayo si yake, na nikaona macho yake yamevimba, siinyanyui. Naiacha palepale juu ya mbao, naweka mikono yangu chini, namuuliza: "Nifue, au niache?" Wengi hujibu fua, na mimi nafua kama nifuavyo. Lakini wapo wanaoitazama, wanaigeuza, na mwisho wanaikunja wenyewe, wanairudisha ndani ya mfuko, wanakwenda nayo nyumbani.